Kasuku na Maneno ya Mkewe

Ukumbini kwetu filamu za kigeni hazina maandishi chini, tuna Kasuku, ndivyo tunavyomwita mfasiri wetu. Anakaa pembeni mwa skrini na kipaza sauti, anamsemea kila mtu kwa sauti yake: jambazi, hakimu, mtoto, hata mbwa. Mimi nauza tiketi mlangoni, mwaka wa kumi na moja huu, na nawaambia lugha yenyewe anaijua nusu. Nusu nyingine anatunga.

Filamu iliyompa sifa ni ile ya zamani, ya mume na mke wanaogombana kuanzia chai ya asubuhi hadi mahakamani, na huku wanapendana kufa. Yule mke akifungua kinywa, ukumbi mzima unashika mbavu. "Ukiombwa kubadilisha balbu, mgongo unakuuma. Ukiitwa kula, umepona." Tulidhani ni kipaji. Kumbe ni maneno ya mkewe, neno kwa neno.

Mkewe ni fundi cherehani, hana muda wa filamu. Siku moja mteja aliyekuja kupimwa gauni akamsimulia vichekesho vya ukumbini, mpaka akafika kwenye ule mgongo. Fundi akamaliza kupima, akaandika vipimo daftarini, akafunika cherehani, akahamia kwa dada yake.

Kasuku alisema mkewe atarudi mwenyewe. Wiki ya tatu alikuwa amekonda. Mara mbili alibisha kwa shemeji yake, hakufunguliwa. Nilimwambia mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kisha nikampa pole hivyo hivyo.

Jumamosi mchana fundi akaja, akanunua tiketi bila kunisalimu, akakaa mstari wa mbele. Filamu ilikuwa ile ile. Kasuku alipomwona, alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

Mume wa kwenye filamu akanyoosha kidole, mishipa imemtoka shingoni. Kasuku akasema polepole, "Nimekosa, mke wangu. Nimekuanika mbele za watu. Nakuomba urudi nyumbani."

Watu wakanung'unika, mbona yule bwana anafoka? Kisha mke wa kwenye filamu akaanza kusema, akasema sana, na Kasuku kimya. Mtu wa nyuma akauliza anasema nini huyo mama.

Fundi akajibu bila kugeuka. "Anasema amesikia, na atarudi. Ila ya nyumbani yabaki nyumbani."

Kasuku akaweka kipaza sauti chini. Nusu saa iliyobaki tuliitazama filamu bila kuelewa neno hata moja, na mimi pale mlangoni nalia kama mjinga.