Kumtembeza Mama Mkwe kwa Simu

Mama mkwe wangu alikuja Dar kumchukua mke wangu. Si kwa ugomvi, hapana. Kwao Singida mimba ya kwanza hurudishwa nyumbani: binti hujifungulia kwa mama yake, akakaa huko mpaka mtoto akaze shingo. Mimi sikutaka kabisa. Nilitaka mwanangu azaliwe hapahapa Kariakoo, nami niwe wa kwanza kumbeba akitoka mikononi mwa mkunga. Nilijua mama mkwe anaiogopa Bongo kwa sifa zake mbaya, vibaka na msongamano, kwa hiyo nikapanga kumtembeza siku tatu aone kwa macho yake kwamba mjini nako watu wanaishi na watoto wanakua. Akiupenda mji, nilijiambia, atamwacha binti yake abaki.

"Wazo zuri," alisema mke wangu, akaendelea kukunja nguo. Yeye asingeweza kuja nasi, miguu ilikuwa imevimba.

Nauza vipuri vya pikipiki Gerezani kwenye duka la mtu, na mwezi ulikuwa kwenye kona. Nikaomba ruhusa kwa tajiri, nikapanga matembezi ya mtu asiye na kitu: kwanza pantoni hadi Kigamboni, kesho yake katikati ya mji kwa miguu, mwisho Kariakoo yenyewe. Kila tutakaposimama nilipawekea cha kula, mihogo hapa, mishkaki pale, dafu kule. Nikajiona mjanja sana.

Nilichokuwa sikijui, mimi mtoto wa mjini, ni kwamba kwao mkwe wa kiume hali mbele ya mama mkwe. Hampi mkono, haketi naye benchi moja, wala hatembei naye bega kwa bega. Kigamboni nikamwekea sahani ya mihogo, nikaketi kumkabili na sahani yangu, nikatafuna. Mama akatazama baharini. Nikadhani hapendi mihogo, nikaagiza samaki. Samaki naye akapoa mezani. Nauli ya pantoni si kitu, lakini yule samaki aliniuma.

"Yaani umeshinda unamtafunia mama yangu mihogo usoni?" mke wangu aliuliza jioni, akacheka mpaka akashika tumbo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake nikabadili mbinu. Nilijiunga bando la dakika, nikatangulia mbele kidogo pale Kisutu, nikampigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona unanipigia na mgongo wako nauona?"

"Nakutembeza, mama. Hapo kulia kwako, jengo lenye nakshi za rangi, ni hekalu la Wahindi."

"Ndiyo maana nanusa udi."

"Wanasali. Mbele yake kuna duka lao la ladu, vile vitamu vya duara. Nimeshalipia, ingia tu wakupe. Mimi nageukia ukutani."

Nikageuka kweli, nikautazama ukuta wenye bango la mganga wa nguvu za kiume, huku mama mkwe akila nyuma yangu. "Tamu hizi!" sauti ikasema sikioni. "Moja nampelekea mwanangu." Muuza kahawa akaniinamia kwa huruma: "Braza, mmenuniana na bi mkubwa?" Nikamwambia anyamaze, nipo kazini.

Nyumbani tulikuwa tukisalimiana tu, basi. Kwenye simu alikuwa mtu mwingine: mdadisi, mcheshi, hamalizi. Alinisimulia alivyomzaa mke wangu, mwaka ambao mahindi yalikauka shambani. Nami nilimweleza habari za marehemu mama yangu, mambo ambayo hata mke wangu sikuwahi kumwambia yote. Nilianza kumpenda yule mama, nasema kweli.

Siku ya tatu, Kariakoo, nilimwongoza kwa simu kama rubani. "Simama, mama, mkokoteni. Haya, pita. Shika pochi mbele." Kwenye duka la khanga alininong'oneza simuni, "Huyu muuzaji anataka kunila." Nikamwambia, "Ondoka, atakuita." Akaondoka, akaitwa, akacheka kwa sauti hadi nikamsikia bila simu. Kisha nikampeleka nilipotaka aone kuliko kote, zahanati ambayo mke wangu angejifungulia. Akasimama getini muda mrefu, akiwatazama wajawazito kwenye mabenchi.

"Na uchungu ukimshika wewe ukiwa kazini?"

"Jirani yetu wa chumba cha mbele yupo siku zote, mama. Bajaji zinapaki pale pembeni."

"Na wa kumkanda kwa maji moto?"

"Mimi. Nifundishe."

Nilidhani dakika zimeisha. "Nitakufundisha," akasema.

Jioni nilikaa uani na mke wangu. Mama mkwe alikuwa chumbani, akazungumza kutoka nyuma ya pazia kama ilivyo desturi yao. "Mwanangu, nimekubali. Jifungulie hapa. Mume unaye."

Niliruka. Nilitaka kumbusu mke wangu hapohapo mbele ya wapangaji wote. Yeye akaanza kulia.

"Si ndicho tulichokitaka?" nikauliza.

"Ulichokitaka wewe." Alisema kwa upole, na ndio ulioniumiza. "Mimi naogopa. Nataka nikiita mama, aje mama. Nilikuwa namngoja akatae."

Nilikasirika, sifichi. Siku tatu za jua, ruhusa ya kazini, samaki! "Sasa kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na furaha sana, ningekuambiaje?"

Nyuma ya pazia mama mkwe alipenga kamasi. Kumbe naye alikuwa analia. Alikuwa amekubali kwa ajili ya heshima yangu, na moyo wake haukutaka hata kidogo.

"Basi nenda," nikamwambia mke wangu. Neno lilitoka kwa shida. "Nenda na mama."

Niliwasindikiza stendi alfajiri, nikawanunulia mikate na maji, nikashuka kwenye basi kabla machozi hayajaniaibisha.

Mwanangu alizaliwa Singida, mvua ikinyesha, mke wangu akiwa ameshikwa mkono na mama yake. Habari ilinikuta Gerezani nikimtolea mteja plagi za pikipiki. Nikaziweka juu ya kaunta, nikalia kwa kwikwi, na yule mteja, mtu asiyenijua hata kidogo, akanikumbatia na kunipa pole akidhani nimefiwa.