Ndoo Hupimwa Kwenye Mshono

Zamani ndoo ilikuwa mali. Fundi alikunja bati kwa nyundo, akaifunga mshono, na mtu akairithi kutoka kwa bibi yake. Siku hizi ni plastiki, ikipasuka inatupwa. Hata salamu zimefupishwa, mtu anakupungia mkono amekwisha pita. Basi Fundi Ndoo, aliyegonga bati tangu ndevu hazijaota, alibaki na vibarua vya kuokoteza na masikio yaliyochakazwa na nyundo yake mwenyewe.

Kilichomuuma hasa ni mkewe. Mama yule alikuwa na maneno yake ya jioni, ya kuuma na kupuliza, lakini kupiga kelele kulimchosha. Akaishia kuongea kwa mikono: kula, njoo, lala.

Mara mbili hospitali walimfungia katika chumba kidogo kisicho na dirisha, amevalishwa spika masikioni, arudie maneno yaliyokuzwa sauti. Yalikuja mengi kama mchanga. Katikati alichoka, akanyamaza. Mara ya pili alisinzia kabisa. Majibu yakawa yaleyale: maneno hayamwingii, kifaa cha kusaidia kusikia hakitamfaa.

Mara ya tatu alimkuta mpimaji mpya, binti mchangamfu. Alirudia maneno machache tu, kisha sauti ya binti ikaja masikioni: "Tumemaliza, babu."

"Tumemaliza nini? Hata kiti hakijapata joto! Mnanipunja kwa kuwa mzee?"

Binti akacheka. "Nimeanza na yale magumu, yanayowashinda wengi. Umekosa moja tu. Sasa mepesi ya nini tena?"

Fundi alibetua mdomo kwa ubishi. Kisha akajikuna kidevu. Yeye mwenyewe akimaliza ndoo huitia maji na kuukodolea macho mshono. Mshono usipovuja, nani ahangaike na ubavu?

"Kumbe nawe fundi, mjukuu wangu," akasema.

Katika ufupisho wote wa siku hizi, huo mmoja una akili.

Akawekewa kifaa cha majaribio. Nje, mkewe alimtazama kutoka kwenye benchi, akageukia ukuta na kujisemea chini chini, "Uzee huu, ndio kwanza anavaa hereni."

"Nimekusikia."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha wakashika njia polepole, yeye akimsimanga kwa sauti yake ya kawaida, mikono yake imetulia.