Una Virusi

Nianze kwa kukiri: nilipigwa, na nilistahili. Hili pengo la jino la mbele si kazi ya daktari.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya kusafirisha matunda, hapa Tanga mjini. Ofisi nzima iliamini kwamba sisi watu wa aiti tunasoma kila meseji na kuona kila picha. Uongo mtupu. Kazi yangu ilikuwa kuzima mashine na kuwasha, na kuchomoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Lakini ule woga wao niliupenda, nikawa nauchochea. Mtu akinipita bila salamu namwambia endelea tu, yako nimeyaona. Mchana ananiletea soda.

Niliyemchokoza zaidi alikuwa karani wa magari, Mbondei wa Muheza. Mimi Mdigo wa Ngamiani, tukaitana watani, na mtani hakasiriki. Niliwahi kumgeuzia kioo cha kompyuta juu chini, akafanya kazi saa nzima kapinda shingo. Naye akanitilia chumvi kwenye chai. Tulicheka mpaka machozi.

Asubuhi moja nikamtegea ujumbe utokeze akiwasha tu, herufi nyekundu, kioo kizima: UNA VIRUSI. NIMEONA KILA KITU. Wallahi nilimaanisha mashine. Ila ofisini ndivyo tulivyosema, kana kwamba mtu ndiye mashine: huna wino, huna mtandao, una virusi.

Akawasha. Nikamwona amekauka, nami juha nikaanza kucheka.

Aling'oa kibodi na waya wake akanitandika nayo mdomoni, vitufe vikaruka kama bisi. Jino nikalimeza. Damu ikanipandisha wazimu, nikampiga kichwa cha pua, nikasikia mfupa umelia. Tukaiangukia meza ya chai, chupa ikapasuka, chai ya moto ikatuunguza sote wawili. Akanikalia kifuani, akanizungushia ule waya shingoni na kuvuta.

"Nani kakwambia?" akauliza, pua inamwaga damu usoni kwangu. "Dawa nazifuata Korogwe ili nisijulikane. Nani kakwambia?"

Ofisi nzima ilimsikia. Waya ukalegea. Alijua amejitaja mwenyewe.

Mtu akakimbia kumwita meneja, aliyekuwa nje getini. Hapo ndipo nilipofanya unyama mkubwa kuliko ule mzaha. Nilijikokota hadi kwenye mashine yake, damu inadondoka mezani, nikaufuta ujumbe. Ilinichukua sekunde tatu.

Meneja alipouliza chanzo, karani akamwambia atazame kioo. Kioo kilikuwa na picha ya machungwa tu. Wenzetu wakaangalia chini. Meneja akaniuliza mimi. Nikasema sijui, labda mwenzetu ana matatizo yake. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu huu, na bado najichukia. Akafukuzwa saa ile ile kwa kupiga mtu bila sababu.

Mama wa chai alikuwa anafagia vigae vya chupa. Akasema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na hakumtazama karani, alinitazama mimi.

Nilimkuta karani kwenye ngazi, vitu vyake kavitia kwenye boksi la machungwa. Nikamwambia nisamehe mtani, sikujua, mimi sioni kitu cha mtu yeyote, sijawahi kuona. Ulikuwa ukweli, na ndiyo mara ya kwanza kuusema.

"Ile meseji umeifuta?" akaniuliza.

Nikaitikia.

"Basi rudi ukafute na walichokisikia."

Akateremka. Nilirudi ndani nikiwa na leso mdomoni. Wenzangu walikuwa wameshaketi, wanafanya kazi. Kikombe cha chai cha karani kilikuwa kwenye ndoo ya taka, kizima, hakina hata ufa.