Nilisema Mara Mbili

Mwezi uliopita nilitumwa Kenya kwa wiki tatu, kujifunza kuchambua na kufungasha maparachichi. Usifikiri najivuna. Mimi ni mfungashaji tu hapa Njombe, niliishia darasa la saba, na nadhani walinichagua kwa sababu msimamizi wa zamu yetu alikuwa amejifungua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutoka nje ya nchi. Basi liliposimama Makambako mama alikuwa stendi, amefunga kitenge hadi masikioni kwa upepo, na chupa ya chai aliyoniletea mkononi.

Nikamwambia kupitia dirishani, "Mama, nikivuka mpaka nitakubipu mara moja. Usipokee, salio litaliwa."

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Miaka mingi sijambipu mtu. Mama akacheka mpaka akashika bodi ya basi.

"Mara moja umefika, mara mbili unakuja! Hesabu vizuri lakini, usije ukawa kama marehemu bibi yako."

Abiria wa jirani alicheka, nami nikacheka. Basi likaondoka, na mpaka tunapita Iringa sikuweza kuinywa ile chai.

Ngoja nikueleze kwa nini. Nimejaribu kuiandika habari hii kwenye daftari langu mara kadhaa nikaishia kuchana karatasi, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole.

Nilikulia kwa bibi mzaa mama, huko Mahongole, upande wa mashamba. Baba simkumbuki, na nisimsingizie chochote. Mama alikuwa fundi cherehani. Nilipokuwa na miaka kumi, au kumi na moja, alipanda treni pale Makambako akaenda Zambia kushona sare za shule kwa mama mmoja Mtanzania mwenye duka. Alikaa huko miaka miwili na kidogo. Kabla ya kuondoka alimnunulia bibi simu ndogo ya kubonyeza, yenye tochi kichwani, na wakapatana mambo ya kubipu.

Ukiwa na umri wangu huhitaji kuelezwa. Kupiga simu kutoka nchi ya jirani kulikuwa ghali kiasi kwamba watu walisalimiana wakikimbiza maneno. Kubipu kulikuwa bure: unapiga, inalia, unakata kabla hajapokea. Kila familia ilikuwa na mapatano yake. Yetu yalikuwa hivi: kila Jumapili saa nane mchana mama atabipu. Mlio mmoja, mzima. Miwili, nakuja kwa treni ijayo, mnipokee. Mitatu, kuna shida, nendeni kwa mwalimu mkanipigie. Mwalimu aliishi jirani na ndiye aliyekuwa na salio siku zote.

Shida ilikuwa mtandao. Nyumbani haukushika hata kidogo. Ulishika juu ya kichuguu kimoja kikubwa, ng'ambo ya shamba la maharage, karibu na miti ya miwati. Bibi miguu ilimsumbua, na kile kichuguu kiliteleza. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Jumapili, tukitoka kanisani, tukishakula viazi na maharage, bibi alikuwa anaitoa simu kwenye sanduku la nguo, ameifunga kwenye leso nyeupe ya kanisani, ananikabidhi kwa mikono miwili kama anayemkabidhi mtu kitoto kichanga.

"Usipokee," alikuwa anasema. "Hata ukitamani namna gani. Ukipokea unakula jasho la mama yako."

Nilikuwa nakaa juu pale, upepo unaingia mpaka ndani ya mifupa, miwati inanuka ule utomvu wake, kwa mbali nasikia msumeno wa wapasua mbao hata siku ya Bwana. Simu inalia mara moja, inanyamaza. Naitazama. Nilikuwa najua kwamba sekunde ile mama ameshika simu na mimi nimeshika simu, na hatusemi kitu. Nakimbia nyumbani. Bibi anakuwa mlangoni tayari.

"Mara ngapi?"

"Mara moja, bibi."

"Bwana asifiwe. Haya, kalete kuni."

Ndiyo ilikuwa barua yetu ya wiki. Sikumbuki kuona kwamba ni kidogo.

Sasa Jumapili yenyewe. Ilikuwa kipindi cha baridi kali, pengine Juni, sina hakika. Njiani kwenda kichuguuni niliwakuta wasichana wa kwaya ya watoto wanacheza rede kwenye uwanja wa shule. Walikuwa wamepungukiwa mmoja. Nikaitundika simu, na leso yake, kwenye tawi la mti pale chini, mahali nilipojua kabisa mtandao haufiki. Nikasema nacheza kidogo. Sikulazimishwa na mtu, na wenzangu wale hawakujua nimetumwa. Hilo niliseme wazi. Nilicheza mpaka jua likaelekea upande wa milima.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa mlangoni.

"Umekawia. Amebipu?"

"Amebipu."

"Mara ngapi?"

Ningesema mara moja mambo yangeishia pale. Kwa kweli mama alikuwa amebipu mara moja, kama kawaida, tulikuja kujua. Uwongo wangu ungekuwa sawa na ukweli na leo nisingekuwa na cha kukuandikia. Lakini nilisema, "Mara mbili."

Nimejiuliza sana kwa nini. Nikiwa najihurumia nasema nilimkosa mama, nikadhani nikisema anakuja atakuja. Nikiwa mkweli zaidi nakumbuka kulikuwa na jogoo mmoja mwekundu, na mgeni akija kuku huchinjwa. Labda nilitaka mama. Labda nilitaka kuku. Nashindwa kuvitenganisha.

Bibi alishika fremu ya mlango. Halafu huyu mtu ambaye kichuguu kilimshinda akaanza kuimba, akatoka na ufagio, akafagia uwanja wote mpaka njia panda. Siku ya treni aliamka mapema, akamchinja jogoo, akamchemsha na vitunguu, akachemsha viazi, akavipanga kwenye kapu na kuvifunika kwa kitambaa. Alivaa lile gauni la Krismasi. Tulipata lifti ya lori la mbao mpaka mjini. Dereva alimtania, "Bibi, umependeza hivi, unaolewa?"

"Napokea mtoto wangu kutoka ulaya ya Zambia!" bibi akamjibu, na wapakizi kule nyuma wakapiga miluzi.

Ningeweza kusema palepale. Nilikuwa nimekaa katikati yao, kapu la moto magotini.

Stesheni ya Makambako wewe unaujua ule upepo wake. Tulikaa kwenye benchi la saruji. Treni ilichelewa, kama ilivyokuwa desturi. Bibi alikuwa anawaeleza waliokaa karibu: fundi cherehani, sare za shule, miaka miwili. Kila aliyepita alisalimiwa "kamwene" na kuelezwa. Treni ilipofika alisimama, akasogea mpaka kwenye mstari, akawa anatazama kila mlango. Walishuka watu na magunia, na samaki wakavu, na mama mmoja mwenye kitenge kama cha mama, bibi akamkimbilia kwa miguu ile mibovu, kumbe siye. Treni ikapiga honi ikaondoka. Bibi akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Au amepitiwa na usingizi amepelekwa mbele? Au ameugua njiani wamemshusha?"

Nikasema, "Sijui, bibi."

Tulikaa mpaka mfanyakazi wa stesheni akaja kufagia chini ya miguu yetu.

Kesho yake asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, bibi alikwenda kwa mwalimu akaomba Zambia ipigwe. Alikwenda peke yake. Nilijificha nyuma ya ghala la mahindi nikingoja fimbo. Alirudi akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchambua maharage.

"Mama yako hajambo," alisema.

Basi. Hakusema kingine, siku ile wala baadaye. Na Jumapili iliyofuata, saa nane ilipokaribia, alifungua sanduku, akanikabidhi simu kwenye leso yake, kwa mikono miwili, kama kawaida. Ningepigwa ingekuwa nafuu. Sikucheza tena rede mpaka namaliza shule, lakini hilo halikumfaa mtu kitu.

Nilijua baadaye, mama aliporudi kwa kweli, kwamba bibi alimwambia siku ile alipanda kichuguuni mwenyewe, na kwamba milio aliihesabu vibaya. Bibi yangu, mama wa kanisa, ambaye alikuwa akirudisha hata sindano aliyoazima. Sijui kama alifanya hivyo kunisitiri mimi, au alimwonea mama huruma asijue ana mtoto mwongo. Sikumuuliza, na siwezi kumsemea.

Ukawa utani wa familia. Mama alikuwa akimpigia simu anaanza nao: "Haya mama, leo imelia mara ngapi?" Bibi anajibu, "Niache mie, vidole hivi ni vya jembe, si vya hesabu." Alipofariki, miaka minne iliyopita, tukiwa msibani, mjomba aliwasimulia waombolezaji habari ya mama yake aliyeshindwa kuhesabu mpaka mbili, akachinja jogoo akaenda kupokea upepo stesheni. Watu walicheka, msiba ukapata nafuu. Mimi nilikuwa nagawa chai. Nilicheka nao. Mpaka leo, katika yote, nadhani hilo ndilo baya zaidi.

Turudi Kenya. Siku ya kwanza nilipiga kwa laini yangu ya nyumbani, salio likaisha kabla hatujamaliza shikamoo na marahaba. Mpishi wa hosteli alinisikia nikilalamika. "Dada, unapiga simu kama waziri! Weka waifai hapa, piga na video, hulipi hata ndururu." Akanionyesha mwenyewe. Tangu hapo nilikuwa namwona mama kila jioni, kwa simu ya binamu yangu. Ananionyesha kuku, ananionyesha sufuria, tunanyamaza, hakuna anayekata. Kunyamaza nako kukawa bure. Na hapo ndipo nilipokosa kisingizio. Zamani ningesema dakika hazitoshi.

Wiki ya tatu nikamwambia. "Mama, ile siku ya stesheni, bibi hakupanda kichuguuni. Nilitumwa mimi. Nilikuwa nacheza rede. Mara mbili nilisema mimi."

Uso wake ulisimama, nikafikiri mtandao umekwama. Halafu nikaona jicho linapepesa.

"Kwa hiyo mama alijua kuhesabu," alisema.

"Alijua."

"Nimemtania mpaka amekufa."

Akafuta uso kwa kitenge. "Mimi umeniambia. Lakini msibani watu walicheka wengi. Ukirudi, utasema mbele yao. Siku ukiwa njiani unibipu, nitajua."

Nilipofika Iringa kwenye safari ya kurudi nilikuwa na bando la kutosha kuongea mpaka Makambako. Nikabipu. Mlio mmoja, nikakata. Nikabipu tena, nikakata. Mama hakupiga. Nilipofika Mahongole viti vilikuwa vimepangwa uwanjani. Mjomba alikuwepo, mama mdogo, binamu, hata mwalimu mstaafu na mkongojo wake. Uwanja ulikuwa umefagiliwa mpaka njia panda.

"Nimehesabu mwenyewe," mama alisema, "mbili."

Kutoka pale nilipoketi, kile kichuguu hakionekani tena. Kilisawazishwa, pana miche ya maparachichi. Mtandao unashika hata jikoni. Watoto wa binamu hawajui kubipu ni nini. Ukiwaambia simu ililia ikaachwa ilie, wanauliza kwa nini hamkupokea. Siwalaumu, na siwezi kusema zamani ilikuwa bora, maana nimekueleza zamani yangu. Lakini ile leso nyeupe sijui ilipotelea wapi, na hakuna tena anayengoja mlangoni kuuliza mara ngapi.

Nikasimulia yote, nimeinamisha kichwa. Mjomba hakucheka safari hii. Alivua kofia akaiweka gotini, akasema polepole, "Nimemsema vibaya mama yangu." Mama mdogo akauliza, nadhani ili kupunguza uzito, "Na yule jogoo je? Mlimrudisha nyumbani?"

Nikawaambia na hilo. Treni ilipokwisha kuondoka, bibi alifunua kapu palepale kwenye benchi. Akachagua paja, akanishikisha mkononi. Akasema, kula mjukuu wangu, baridi hii itakuua, mimi sina njaa.

Mama mdogo akauliza, "Ukala?"

Nilikula. Nililiguguna mpaka mfupa.