Neno Nililosema Getini

Lesian mwanangu, kitinda mimba, yuko mwaka wa pili chuo cha maafisa wa jeshi. Chuo kiko mbele ya Kisongo. Kutoka shambani kwetu Olkokola, hewa ikiwa safi, tunauona mlima wa huko.

Likizo ya kwanza alirudi amekonda. Anakula haraka, macho mlangoni. Mama yake alimwambia, "Wewe, taratibu. Hapa hakuna afande. Na sala bado."

Akacheka, lakini sahani ilikuwa imeshaisha.

Alitandika kitanda shuka limenyooka kama ubao. Asubuhi nikakuta amezipaka katambuga zangu rangi ya viatu. Katambuga, za tairi! Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Alitusimulia kwata, kukimbia na begi la mawe, simu zao kukaa kwa mkufunzi. Wenzake wanne walishaondoka. Yeye alisema hataondoka.

Mwaka huu mama yake alianza kuvimba miguu, kisha tumbo. Jina lake silitaji. Kwetu aliyetangulia hatajwi hovyo. Aliniambia mimi na Silantoi, binti yetu mkubwa:

"Nikiumwa msimwite Lesian. Mwenyewe nimeshamwambia, asiache mafunzo kwa ugonjwa wangu. Nikiondoka, mwiteni. Udongo wa kwanza autie yeye."

Tuliahidi.

Aliondoka Jumanne, hospitalini. Jumatano Gadiel, jirani yetu, alinipakia pikipiki yake tukaenda chuoni. Pikipiki ilizuiwa mbali. Nilifika getini peke yangu.

Askari alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za nyumbani? Ng'ombe hawajambo?"

"Mzee, ng'ombe sina. Nina hii bunduki tu, na si yangu."

Tulicheka. Nikamwambia nimemfuata Lesian.

"Siku ya kutembelea imeshapita, mzee. Halafu kundi lao liko porini, kwenye zoezi. Kuna nini?"

Mtu simjui, tumesimama barabarani. Neno lenyewe halikutoka. Nikasema, "Mama yake amelala."

"Amelala wapi?"

"Hospitali. Kule Elerai."

"Tangu lini?"

"Jana."

Akavua kofia. "Pole sana mzee. Atainuka."

Mimi Mlutheri. Niliona kijana ananifariji kwa habari ya ufufuo. Nikajibu, "Amina."

Akaandika kwenye daftari, akaandika na kikaratasi akanipa. Herufi za Biblia nazisoma polepole. Mwandiko ule wa haraka sikuuweza. Nilimwambia tunamsubiri Ijumaa. Akasema ujumbe utafika leo leo. Nilirudi moyo umetulia kidogo.

Ijumaa, siku ya maziko, watu walijaa. Mwinjilisti Eliud alikuja mapema. Lesian hakuonekana. Saa nane nikampa Gadiel kile kikaratasi apige namba iliyo juu yake. Gadiel akakisoma, akakirudia.

"Baba, hapa imeandikwa mama wa mwanafunzi amelazwa."

"Ndiyo. Amelala."

"Hapana, baba. Amelazwa. Anaumwa, yuko wodini."

Alipiga simu. Akaipokea afande mwingine. Gadiel akaniwekea sikioni.

"Mzee, pole mno," alisema. "Ungesema ni msiba tungemtoa siku ile ile, na gari tungempa. Sasa hivi wako nyuma ya mlima, mawasiliano yanakatika. Najaribu kuwatafuta."

Tulisubiri. Mvua ilikuwa inashuka kutoka Meru. Saa kumi Eliud akaja karibu yangu.

"Mzee Parsimei, tufanyeje?"

Watu wote waliniangalia. Kaburi lilikuwa linaanza kuingia maji. Nikachukua udongo, nikautia mimi.

Simu ya yule afande haikurudi. Siku ya tano baada ya maziko Lesian alikuja mwenyewe. Walimfuata porini wakampa pasi ya siku moja, hawakumwambia kitu. Labda waliniachia mimi, mzee wake, niseme. Alikuwa amebeba machungwa kwenye mfuko, na chupa ya chai mpya, nyekundu.

Akainamisha kichwa kunisalimu, nikakigusa.

"Baba, yuko wodi gani? Nimenunua chupa ya kumpelekea uji."

Nikasema, "Amekufa. Tumemzika Ijumaa."

Neno lile lile. Lilitoka.

Alisimama wima, mikono ubavuni. "Ndiyo, afande," akasema. Kisha akaniangalia kama aliyestuka usingizini, na machungwa yakamtoka mkononi.

Baadaye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karibu na kaburi. Nilikaa chini, upande wake.

"Mkufunzi aliniita," alisema. "Akaniambia mama amelazwa, nikitaka ruhusa ataniombea. Mimi nikakataa, baba. Nikasema mama mwenyewe ameniambia nisiache mafunzo kwa ugonjwa. Ijumaa tulikuwa tunapanda mlima. Nilikuwa wa tatu kufika juu. Nilifurahi."

Niliuangalia mlima wa huko.

"Ungesema amekufa, baba. Neno moja."

"Nilishindwa."

"Kwa askari tu wa getini?"

"Hata kwa huyo."

Aliokota bonge la udongo pembeni, akalivunja, akalimwaga juu ya kaburi lililokwisha kufukiwa. Halafu akajifuta mikono kwenye suruali ya jeshi.

Naipanoi, dada yangu, alikuja na wembe na maji kwenye bakuli. Sisi sote tulikuwa tumeshanyolewa kwa msiba. Alikishika kichwa cha Lesian, akakigeuza huku na huku. Chuoni walikwisha kumnyoa mpaka ngozi.

"Sasa nitanyoa nini hapa?" aliniuliza mimi.

Akamwaga maji, akaufunga wembe kwenye kitambaa. Lesian akaangalia saa yake. Getini walimtaka saa kumi na mbili.