Kifuniko cha Mringaringa

Mimi ndiye niliyemwomba baba. Naanza na hilo kwa sababu ndugu zangu bado wanasema mzee alikuwa mbishi na hasikii la mtu, nami nimekaa kimya nikawaacha waseme.

Binti yangu alikuwa anaolewa mwezi wa nane. Nyumbani kwetu Uru, kila binti aliyeolewa ameondoka na chombo cha mti kilichokerezwa na baba: kama chungu kidogo, tumbo nene, shingo fupi, na kifuniko chenye kirungu cha kushikia. Hakipikiwi wala hakitiwi maji. Kinakaa sebuleni, wageni wanakiulizia, unawaambia kimetoka nyumbani. Mti wake ni mringaringa wa kihamba chetu, ule uliosimama kati ya migomba na kahawa. Likianguka tawi, baba hulikausha darini juu ya moshi wa jikoni hata miaka miwili. Changu kiko kwangu Rau, mjini Moshi, juu ya kabati la vyombo, na dada zangu wana vyao. Niliona haya binti yangu aondoke na seti ya sufuria tu. Nikampigia baba simu, nikamwaga maneno matamu, naye akakubali kabla sijamaliza.

Nilipokata simu ndipo nikakumbuka mikono yake.

Mikono ya baba ilikuwa inatetemeka, huo ukiwa mwaka wa pili. Chai tulimjazia nusu kikombe, na sisi wote tukajimiminia nusu, eti ndivyo tunavyopenda. Sasa mimi kazi yangu ni uuguzi, tena chumba cha kufunga vidonda. Nimeshika mikono iliyotoka kwenye mashine za mbao na za kukatia majani ya ng'ombe, na wenye mikono huniambia maneno yale yale, kwamba ilikuwa mara moja tu, sista. Wiki mbili sikupata usingizi wa maana. Kila nikifungua bandeji ya mtu, naona vidole vya baba.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nikapanda Uru kwenda kumzuia. Nilitoka Moshi na blauzi nyepesi kama mtu asiyejua kwao. Huko juu ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba na meno yakaanza kugongana. Shikamoo baba, marahaba, na kabla sijapata pa kuanzia akaniambia chombo kimekwisha, kimebaki kifuniko, nije nione. Nikachukua sweta la buluu la marehemu mama, ambalo bado linaning'inia msumarini jikoni, nikamfuata kibandani.

Kweli kilikuwa kimekwisha. Nilikigeuza huku na huku nikitafuta kosa, maana ningelipata ningepata na la kusema. Kilikuwa laini, kinanukia moshi, na mistari ya mti inazunguka tumbo lake bila kukatika. Nikakirudisha mezani.

Mashine ya kukerezea aliiunda mwenyewe: mota kuukuu, mkanda, na chuma cha kuegemezea patasi. Swichi aliifunga chini, usawa wa goti, kwa sababu anasema mikono ya mkerezaji ina kazi nyingine. Yeye alikuwa amekunja shati hadi juu ya viwiko, na baridi yote ile. Akaliangalia sweta, akasema nikunje mikono au nikae nje. Nikakunja. Lile neno nililopanda nalo kutoka mjini nikalimeza, nikajiambia nitalisema akizima.

Akawasha. Kipande cha kifuniko kikaanza kuzunguka hadi pembe zake zikapotea machoni. Patasi ilitetemeka hewani. Ilipofika kwenye chuma ikatulia, na maranda yakaanza kutoka marefu, mazuri, yakimwangukia viatuni. Mtu mwingine angefarijika. Mimi nilikuwa nahesabu umbali kati ya kidole gumba chake na ule mti. Nilimwangalia mikono tu. Sikuangalia kitu kingine chochote.

Kisha patasi ikagonga fundo la mti, ikaruka kidogo. Kidogo sana, nadhani yeye hata hakushtuka. Mimi nikanyoosha mkono kumshika, kama unavyomdaka mtoto kando ya barabara.

Mkono wa sweta ulikuwa umekunjuka. Mkono wangu ulivutwa kama mtu amenikamata kwa hasira, bega likafuata, na uso wangu ukasogea karibu na ule mti unaozunguka. Nilijua ninachokwenda kuona, maana nimekiona kwa wengine. Halafu mota ikanyamaza. Goti la baba lilikuwa limeshafika kwenye swichi.

Sufu ilikuwa imejizungusha kwenye kile kipande na kwenye mkono wangu, imekaza hadi vidole vinabadilika rangi. Nikaanza kuvuta.

"Usivute," baba alisema. "Tulia, mama."

Akachukua patasi ile ile. Ilikuwa inacheza mkononi mwake vibaya kuliko kikombe chochote cha chai, na ilikuwa inakuja kwenye mkono wangu, mahali ninapowapimia watu mapigo. Nilitaka kumwambia asubiri, tumwite jirani. Hakuningoja. Akaegemeza kiganja chake juu ya mkono wangu, kama anavyoegemeza patasi kwenye chuma, na ikatulia. Akakata uzi mmoja, akapumzika, akakata mwingine. Nilifumba macho hadi niliposikia damu inarudi vidoleni.

Mkono ulikuwa umechubuka na kuvimba, basi. Baba alikaa kwenye gogo, sasa akitetemeka mwili mzima, hadi kidevu.

"Nimeogopa," alisema.

Sijawahi kumsikia akisema neno hilo, hata siku tuliyomzika mama.  Akainuka, akautoa mkanda kwenye mashine, akaukunja, akaniwekea mapajani. Akasema niende nao mjini, asiuone. Hilo ndilo nililopanda mlima kuliomba, na nilipolipata nililia hadi akaniletea maji.

Ndugu zangu aliwaambia mwenyewe kwamba kosa lilikuwa lake. Nilikuwepo, mkono umefungwa bandeji, na sikufungua mdomo.

Siku ya kumuaga binti yangu, baba alimkabidhi chombo mbele ya watu. Alikishika kwa mikono miwili, na watu walidhani anatetemeka kwa furaha. Binti yangu alikitazama, kisha akaninong'oneza: "Mama, kifuniko kiko wapi?" Nikamwambia mti uliisha.

Kiko Rau, kwenye droo yangu ya nguo pamoja na mkanda, pembe moja haijakerezwa na nyuzi za buluu zimekaza kwenye mfuo wake. Na mringaringa bado umesimama kihambani na matawi yake yote. Binti yangu hupita chini yake kila anapokwenda kumsalimu babu yake, na hajaniuliza tena.