Afisa Aliyeshika Mkia wa Ng'ombe

Mwanangu, iko siku moja ya ukame ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na hilo usimfikishie mama yako. Jua la Kotile, kijijini kwetu, mwaka ule lilikuwa kali hata vivuli vilitafuta kivuli. Nilikuwa kijana, nimetoka kuhitimu ngumbaro, masomo yetu ya usiku, na cheti changu nilikitundika juu kuliko paa. Basi nikafanywa mkalimani wa afisa aliyekuja kuandikisha watu. Serikali ilitaka kutuma pesa kwa simu, kila mwezi, kwa nyumba zilizomalizwa na ukame. Yeye kazi yake kuuliza. Kesho yake adhuhuri gari lingemrudisha Garissa na majibu.

Tukaanza kuuliza.

"Hali yenu?"

"Nabad." Yaani ni amani tupu.

"Mifugo je?"

"Alhamdulillahi."

"Na chakula?"

"Mungu hajatutupa. Kaa unywe chai."

Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo. Chai tuliyokunywa siku ile ingeujaza mto Tana ukafurika. Kwa Eedo Halima, dada yake baba, mjane, kidogo achinjiwe mgeni mbuzi wa mwisho. Nikasingizia kwamba afisa hali nyama. Afisa akatabasamu, akaandika kwenye simu yake. Nikachungulia. Ameandika kwamba nyumba hii inajiweza.

Hapo udadisi ukaninyima raha. Watu wale si waongo, nawajua. Na njaa yao naijua pia. Sasa ukweli unapotelea wapi, kati ya swali na jibu? Jioni nikamrudia Eedo.

"Eedo, mtu amekuja na msaada. Kwa nini unamwambia uko sawa?"

"Amekuja kama nani?"

"Kama mgeni."

"Mgeni anaambiwa njaa? Katoka safari, nimtwike na shida zangu?"

"Sasa atajuaje?"

"Mlete asubuhi. Na avue vile viatu vyake vya harusi."

Asubuhi tulimkuta ng'ombe wake mmoja aliyebaki amelala chini, miguu haina nguvu. Ukame ukifika hapo, majirani huzunguka boma kwa boma kuinua ng'ombe: wawili hupitisha mti chini ya tumbo, mwingine huvuta mkia. Afisa alisimama pembeni na simu yake.

"Waryaa, kijana wa ofisi," Eedo akamwita. "Shika mkia."

"Mimi, mama?"

"Kuna mwingine hapa aliyeshiba jana?"

Akashika. Ng'ombe, kabla ya kusimama, akampaka mavi toka kifuani hadi magotini. Watu walicheka nadhani hadi mjini Masalani wakasikia.

"Kaza, bwana, huo si uzi," akasema jirani Abdi, akihema. "Juzi tulikuwa tunainua kwangu. Sasa kwangu hakuna wa kuinuliwa."

"Afadhali wewe," akadakia mama mmoja. "Mimi watoto nimewapeleka kwa dada yangu. Huku wangekula nini?"

Nikamtafsiria afisa yote hayo. Naye, mkia bado mkononi, akaninong'oneza, "Mbona jana hawakusema?"

"Jana ulikuwa mgeni."

Hakuuliza tena. Aliinua ng'ombe, akabeba maji, akasikiliza. Gari lilipompigia honi, alilingojesha mpaka alipomaliza kuandika upya nyumba zote. Pesa zikaja. Yule ng'ombe hakuziona, alikufa kabla. Lakini Eedo alinunua unga, na yule mama akaenda kuwachukua wanawe.

Kwa hiyo, mwanangu, ukame na mafuriko bado vinapokezana kwetu, na ninyi mliosoma ndio mtakaotumwa kuuliza. Usisimame mlangoni ukauliza hali. Shika kwanza kazi iliyopo, halafu nyamaza, usikilize. Na siku utakayokuwa wewe wa kuandikishwa, nabad yako mpe mgeni; anayekuletea haki yako mpe ukweli, huko si kuombaomba. Msaada hauwezi kufika kwa mtu ambaye adabu yake imemficha.

Mungu akupe mvua ya kiasi na mikono isiyochagua kazi. Akuingize nyumba yenye shida ukiwa tayari kuchafuka, akutoe humo ukiwa umeaminiwa. Amin.